Bongo Fleva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina lenyewe

Ukurasa huu unahusu jina: limetoka wapi, limeundwaje, linatumikaje. Anayetafuta nani katoa wimbo gani wiki hii, au nani hasalimiani na nani, hapa atatoka mikono mitupu.

Kwa kifupi, Bongo Fleva maana yake nini?

Ladha ya Bongo, yaani ladha ya Tanzania. "Bongo" ni jina la mtaani la Dar es Salaam ambalo baadaye lilitanuka likafunika nchi nzima. "Fleva" ni ladha, neno lililotujia kutoka Kiingereza kupitia muziki wa Wamarekani weusi. Yakiunganishwa, yanataja muziki wa vijana wa Tanzania ulioanzia kwenye rap, R&B na ragga mwanzoni mwa miaka ya 1990, halafu ukawa unaokota kila kilichopita mbele yake: dansi, taarabu, zouk, na siku hizi amapiano.

Shika jambo moja mapema maana litarudi sana huko chini. Jina hili linasema muziki umetoka wapi. Halisemi umepigwaje. Mabishano mengi ya vijiweni kuhusu nini ni Bongo Fleva na nini siyo yanatokana na kulitaka jina lifanye kazi ambayo halikupewa.

"Bongo" ilitoka wapi?

Kwenye ubongo. Kisarufi hakuna muujiza: ukuta, kuta, ufunguo, funguo, ubongo, bongo. Lakini waliolitumia mtaani hawakuwa wakihesabu wingi wa ubongo. Kwao bongo ilikuwa akili iliyo kazini. Ndiyo maana tunasema tumia bongo, umiza bongo, chemsha bongo. Hiyo ya mwisho imezoeleka kiasi kwamba mafumbo na maswali ya kupima akili huitwa hivyo hivyo, chemsha bongo, hata na walimu wasiopenda lugha ya mtaani.

Safari ya neno kutoka kichwani hadi kwenye ramani ilipitia njaa. Dar es Salaam ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ile ya miaka ya 1980 ilikuwa mahali pagumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina ya nchi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na bidhaa za kawaida kama sabuni, sukari na unga zikawa za kupangia foleni. Mwaka 1983 Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, ambamo watu wasio na kazi ya kutambulika mjini walikamatwa na kurudishwa vijijini. Kubaki Dar kulihitaji akili. Uwe na kibanda, uwe na shemeji bandarini, ujue duka gani litafungua mlango wa nyuma na saa ngapi. Mshahara peke yake haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi.

Mjini mipango, husema watu hadi leo. Wa enzi ile walisema mjini unaishi kwa bongo, na mji wenyewe ukaishia kuitwa Bongo. Neno lilibeba sifa na lalamiko kwa pamoja, kwamba hapa wajinga hawadumu, na pia kwamba haikupasa maisha yawe hivi. Toni ya msemaji ndiyo inayoamua. "Bongo bwana!" inaweza kutoka kwa mtu aliyetapeliwa au kwa mtu aliyefanikiwa, na ukiwa mgeni utahitaji kumtazama usoni ujue ni yupi.

Bongo ni Dar es Salaam au ni Tanzania?

Inategemea umesimama wapi. Mzee wa Mbeya anayesema mwanawe "yuko Bongo" mara nyingi ana maana Dar. Kijana aliye Muscat, Johannesburg au London akisema amekumbuka Bongo, anazungumzia nchi nzima, hata kama kwao ni Tukuyu. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo neno linavyopanuka. Siku hizi maana ya nchi ndiyo imetawala, na watu wake ni Wabongo, na mambo yao ni ya kibongo.

Ushahidi mzuri wa matumizi hayo uko kwenye kaseti. Mr II, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sugu na aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, alitoa albamu iitwayo Ndani ya Bongo mwaka 1996 na nyingine iitwayo Nje ya Bongo mwaka 1999. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mnunuzi wa kaseti alishajua Bongo ni wapi, na kwamba pana ndani na nje.

Ina uhusiano wowote na ngoma ziitwazo bongo?

Hapana. Zile ngoma mbili ndogo zilizoshikana, zinazopigwa kwa vidole, ni za Cuba na jina lake lina asili yake huko. Wala hakuna uhusiano na yule mnyama mwenye mistari myeupe wa misitu ya milimani Kenya, wala na rais wa zamani wa Gabon. Maneno yamegongana tu. Nalitaja hili kwa sababu waandishi wa nje, wakisikia "bongo" na "muziki" kwenye sentensi moja, hukimbilia ngoma.

Kuna mwanamuziki aliyelitumia neno hili kabla ya vijana wa rap?

Yupo, na husahaulika isivyo haki. Dokta Remmy Ongala, mpiga gitaa na mwimbaji wa dansi aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaishi na kufa Dar es Salaam, aliuita muziki wake "ubongo", kwa maana ya muziki wa kufikirisha. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980, akiwa na Super Matimila. Aliimba umaskini, kifo na ukimwi huku watu wakicheza. Kwa hiyo wazo la kuunganisha muziki wa Tanzania na akili lilikuwepo kabla ya rap ya Kiswahili kusimama. Remmy alichukua neno zima, lenye u yake. Vijana waliokuja baadaye walichukua lile la mtaani.

Na "fleva" je?

Fleva imepitia njia ile ile iliyopitwa na maneno mengi ya Kiingereza kabla yake. Sauti ya katikati iligeuka e, kama ilivyogeuka kwenye keki, breki na treni. Mwisho wa neno ulifunguka ukawa a, kama kwenye dereva na meneja. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma Kiingereza hata herufi moja, akilisikia redioni, angelitamka "fleva" bila kufundishwa.

Tofauti ndogo iko kwenye f na l zilizokaa pamoja. Maneno ya zamani yalipenda kutenganishwa: fulana ina u kati ya f na l, filamu ina a kati ya l na m. Fleva ilichelewa kuja, wakati masikio ya mjini yalishazoea konsonanti mbili kufuatana, ikaachwa kama ilivyo.

Kwa nini isiwe ladha? Kwa sababu miaka ya 1990 rap na R&B ya Marekani ilijaa neno hilo, likiandikwa "flava" kwa mtindo wa mtaani wa kule. Wimbo wa Craig Mack wa mwaka 1994 unalo kwenye jina lake kabisa. Kijana wa Dar aliyekuwa akisikiliza muziki huo hakuwa anatafuta neno la ladha ya pilau. Alitaka neno lenye harufu ya muziki ule ule, na fleva lilikuwa tayari mdomoni.

Nani alikuwa wa kwanza kusema Bongo Fleva?

Jina linalotajwa zaidi ni la Mike Mhagama, mtangazaji wa Radio One, na mwaka unaotajwa ni 1996. Alikuwa na kipindi kikiitwa DJ Show, kilichopiga muziki wa vijana wa Marekani na, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule, kikapokea pia kazi za vijana wa hapa waliokuwa wakirap na kuimba kwa mtindo huo. Simulizi inayorudiwa inasema alipiga No Diggity ya Blackstreet akaiita R&B flava, halafu akaleta wimbo wa Unique Sisters wa Tanzania na kuutambulisha kama Bongo flava.

Ukiiangalia kwa karibu, simulizi hiyo inaeleza mengi kuliko nani alisema nini. Mtangazaji alikuwa na nyimbo mbili zinazofanana mdundo. Moja ya kule, moja ya hapa. Angewaambiaje wasikilizaji kwamba sasa tunahama? Akabakiza "flava" kwa sababu muziki ulikuwa ule ule, akabadilisha kipande cha mbele peke yake. Jina lilizaliwa likiwa alama ya mpaka kati ya wimbo na wimbo. Hakuna aliyekaa mezani kubuni jina la muziki wa taifa.

Usisahau pia mazingira yaliyomwezesha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na haikuwa na haraka ya kupiga vijana waliovaa suruali zinazoanguka. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi. Radio One ilianza 1994, na Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Redio hizo zilihitaji wasikilizaji vijana, na vijana walihitaji pa kusikika. Bila sheria ile pengine pasingekuwa na kipindi cha kulizalia jina hili.

Muziki wenyewe ulianza lini, kabla ya kuitwa hivyo?

Ulitangulia jina kwa miaka kadhaa. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliweka mashairi ya Kiswahili juu ya mdundo wa Ice Ice Baby, na kaseti yake ikazunguka sana. Kwanza Unit waliungana mwaka 1993 wakirap kwa Kiingereza na Kiswahili. Kipindi hicho watu walisema tu "rap", au "rap ya Kiswahili".

Jina jingine lililokuja na likabaki ni "muziki wa kizazi kipya". Hilo ndilo la hotuba. Kiongozi akisimama jukwaani atasema muziki wa kizazi kipya. Akishuka na kuingia kwenye gari atasema Bongo Fleva kama wengine. Kwa maoni yangu jina hilo lina kasoro moja kubwa, kwamba kizazi hakikai kipya. Waliokuwa kizazi kipya mwaka 1998 sasa wana watoto wanaowaambia wapunguze sauti ya hizo nyimbo za zamani.

Wazazi wengi wa enzi ile walikuwa na jina la tatu, fupi zaidi: uhuni.

Jina lilishika lini hasa?

Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000. Ndipo studio kama Bongo Records ya P Funk na MJ Production ya Master J zilipokuwa zinatoa nyimbo zenye midundo iliyotengenezwa hapa, badala ya kurap juu ya midundo ya Wamarekani. Hard Blasters walitoa Funga Kazi mwaka 2000, ikiwa na wimbo uitwao Chemsha Bongo, na humo utaliona neno likiwa bado na maana yake ya kwanza, akili. Mwaka uliofuata Professor Jay alitoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu, na watu wazima waliokuwa wakibeza wakaanza kusikiliza maneno. Yeye naye aliingia bungeni mwaka 2015, kwa jimbo la Mikumi.

Mwaka 2004 lebo ya Ujerumani, Out Here Records, ilikusanya nyimbo na kuziuza Ulaya kwa jina la Bongo Flava. Ukishaona jina linachapwa kwenye kava la diski huko mbali bila aliyelianzisha kuulizwa, ujue limeshakuwa mali ya umma.

Mbona maneno yamekaa kinyumenyume?

Swali zuri, na wengi wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni hawajawahi kuligundua hadi waambiwe. Kiswahili huanza na kitu chenyewe, halafu kinachokieleza. Garimoshi ni gari, la moshi. Mbwa mwitu ni mbwa, wa mwituni. Askari kanzu ni askari aliyevaa kanzu. Ukifuata utaratibu huo, muziki huu ungeitwa Fleva Bongo, au Fleva ya Bongo kwa urefu.

Bongo Fleva imegeuza. Kinachoeleza kiko mbele, kinachoelezwa nyuma, na huo ni mpangilio wa Kiingereza. Sababu yake ni ile ya redioni: kiolezo kilikuwa "R&B flava", na mtangazaji alichomoa sehemu ya mbele akapachika Bongo. Matokeo ni neno lenye kichwa cha Kiswahili cha mtaani, mkia wa Kiingereza, na mpangilio wa Kiingereza, ambalo hata hivyo Mwingereza akilisikia haelewi chochote.

Na halikubaki peke yake. Filamu zetu zikaitwa Bongo Movie, shindano la kusaka waimbaji likaitwa Bongo Star Search. Zote zimeweka kinachoeleza mbele namna ile ile. Lakini ukirudi kwenye maneno ya mtaani yaliyoundwa bila kuangalia Kiingereza, mpangilio unarudi wa kwetu: bongolala, kwa mtu ambaye akili yake imesinzia, ni bongo kwanza, kulala baadaye.

Niandike Fleva au Flava? Neno moja au mawili?

Kwenye maandishi ya Kiswahili, andika Fleva. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "flava" atasoma a mbili, na hakuna anayetamka hivyo mtaani. Flava iache kwa maandishi ya Kiingereza na kwa majina ya albamu na vipindi vilivyojiita hivyo vyenyewe. Jina la mtu au la kazi halirekebishwi.

Kuhusu kutenganisha, maneno mawili yenye herufi kubwa ndiyo ya kawaida: Bongo Fleva. Bongofleva iliyoungana utaiona kwenye magazeti ya michezo na burudani, na si kosa la kumgombeza mtu. Inaungana vizuri zaidi inapopata kiambishi, kama utakavyoona kwenye swali linalofuata. Alama ya kistari katikati haina kazi hapo.

Liko ngeli gani, na wanaouimba wanaitwaje?

Ngeli ya i- na zi-. Kuna tofauti tamu hapa ambayo mgeni huikosa. Ukisema "Bongo Fleva ya zamani" unazungumzia aina ya muziki kwa jumla. Ukisema "Bongo Fleva za zamani" unazungumzia nyimbo, na anayekusikiliza atategemea uanze kuzitaja moja moja.

Bongo peke yake, ikiwa mahali, haipokei -ni mwishoni. Unasema "narudi Bongo" kama unavyosema narudi Dodoma. Ukisikia "bongoni", mtu anazungumzia kichwani mwake: wazo limenijia bongoni.

Wanaouimba ni wasanii wa Bongo Fleva, na kwa mkato wanabongofleva. Angalia neno msanii. Wazee wa dansi walilipenda neno mwanamuziki kwa mtu anayepiga chombo, na walipoona vijana wanapanda jukwaani na kipaza sauti na diski ya mdundo, wakakataa kuwapa. Vijana wakachukua usanii na kuendelea na safari. Mzozo huo umepoa sasa, maana wengi wa wale vijana wanatembea na bendi kamili, lakini neno msanii limeganda.

Hip hop ni Bongo Fleva au siyo?

Hapa ndipo watu wanapogombana, kwa hiyo niende taratibu.

Upande mmoja unasema ndiyo, kwa sababu rap ndiyo iliyouzaa muziki huu. Ukiondoa Kwanza Unit, Mr II na Hard Blasters, unabaki na mti usio na mizizi. Upande wa pili unasema hapana, tena kwa hasira. Kwao hip hop ni utamaduni wenye kanuni zake na ujumbe wake, na Bongo Fleva ni biashara ya nyimbo za mapenzi iliyokwapua jina na nafasi redioni. Utawasikia wakisema "mimi ni mwanahiphop, usiniite wa Bongo Fleva", na wakikwambia hivyo ni adabu kuwaita wanavyotaka. Fid Q wa Mwanza ni mfano wa msanii ambaye mashabiki wake hawatakusamehe ukimweka kwenye kapu moja na waimbaji wa mapenzi.

Kihistoria, upande wa kwanza ndio wenye hoja ya nguvu. Mwaka 1998 rap na kuimba zilikuwa zinatajwa kwa jina moja bila tabu. Mgawanyiko ulikuja baadaye, kuimba kulipoanza kuuza kuliko kurap, na jina likafuata pesa. Kwa sikio la leo, mtu akisema tu Bongo Fleva bila maelezo, picha inayokuja ni ya mwimbaji. Upande wa pili umeshinda kwa mazoea, na mazoea ndiyo yanayotawala lugha. Mimi mwenyewe ninapoandika historia nawaweka pamoja. Ninapoandika kuhusu tamasha la wiki ijayo nawatenganisha.

Singeli, taarabu na dansi nazo zimo?

Hapana, ingawa zote zimetoka Bongo. Hapa ndipo jina linapojikwaa kwa maana yake ya neno kwa neno. Singeli, yenye kasi ya kukata pumzi na chimbuko lake katika sherehe za uswahilini Dar es Salaam, imeota kwenye mchiriku na taarabu, wala haikupitia R&B. Ina jina lake na inajitosheleza. Dansi na taarabu zilikuwepo miongo mingi kabla. Msanii wa Bongo Fleva anaweza kutoa wimbo wa singeli na bado akabaki wa Bongo Fleva. Atakuwa ametembelea tu.

Wimbo ukiwa na mdundo wa amapiano au wa Nigeria, bado ni Bongo Fleva?

Ndiyo. Kama jina lingekuwa la mdundo, lingekufa mara nyingi tayari: lilianza na midundo ya Marekani, likapita kwenye zouk, Mr Nice akaja na mtindo wake wa TAKEU kwa kuunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, kisha Alikiba, Diamond Platnumz na waliowafuata wakachanganya kila kitu. Rayvanny aliposhinda tuzo ya BET mwaka 2017 hakuna aliyeuliza asilimia ngapi ya wimbo ilikuwa ya hapa. Kiswahili chenyewe, namna ya kukokota sauti iliyotoka kwenye taarabu, na mashairi ya kulalamikia mapenzi vinatosha kulitambulisha kwa mtu aliyelala chumba cha pili.

Kuna wanaosema kwa sasa ladha imebaki kidogo. Wana haki ya kulalamika kuhusu ladha. Kwenye jina hawana kesi.

Wakenya wanaposema "Bongo" wana maana gani?

Mara nyingi wana maana ya muziki. "Niwekee Bongo" ndani ya matatu ya Nairobi ni ombi la wimbo wa Tanzania, na fleva imedondoka njiani kwa kukosa kazi. Hawakuihitaji, kwa kuwa kwao tofauti muhimu ilikuwa kati ya muziki wa Tanzania na genge au kapuka za kwao. Mtanzania anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa kidogo, nchi yake kuwekwa kwenye spika.

Zenji Fleva ni nini?

Ni jibu la Zanzibar. Zenji ni jina la kale la pwani hii lililobaki kama jina la mkato la Unguja na Pemba, na vijana wa visiwani walipoona Bongo inasikika kama Dar, wakachomoa kipande cha mbele na kuweka chao. Ni kitendo kile kile cha mwaka 1996, kimefanywa mara ya pili. Kimuziki utasikia taarabu iko karibu zaidi na ngozi.

Bongo ni tusi? Naweza kulitumia kwenye insha ya shule?

Si tusi. Mtanzania akimwita mwenzake Mbongo hakuna kinachovunjika. Mgeni akilitumia kwa dharau, dharau inatoka kwake. Kwenye insha, Bongo Fleva kama jina la muziki inakubalika na haina mbadala wa kweli. Bongo kwa maana ya nchi iache nje. Mwalimu atataka Tanzania, na safari hii yuko sahihi.

Nikitafuta nyimbo za mwanzo mtandaoni niandike nini?

Jaribu tahajia zote mbili, flava na fleva, maana waliopakia nyimbo za kaseti hawakukubaliana. Ongeza "kizazi kipya" na mwaka. Majina ya wasanii nayo yatafute kwa sura zake zote: Mr II yuko pia kama 2 Proud na kama Sugu, na Juma Nature yuko pia kama Sir Nature. Kwanza Unit mara nyingine wamefupishwa KU tu.